Siku Nilipompa Mzee Lori ya Mtu Mwingine

Nitawasimulia, lakini mcheke polepole, kwa sababu hadi leo nikipita barabara ya Kapseret huwa najikuta nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano kwenye nyasi. Aibu niliyoipata kule sikuipata hata siku ile sketi yangu ilipofunguka zipu mbele ya kwaya. Na yote, jamani, yote kabisa, yaliletwa na kitu kidogo ambacho kingenichukua nusu dakika kukifanya, nami nikaona kitanichelewesha.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Naitwa Nafula, karani kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Eldoret, mke wa Protas, mama wa wasichana wawili, na mimi hutengeneza malori. Si malori ya kubeba mahindi. Madogo, ya kuweka juu ya kabati, kichwa cha lori urefu wa kiganja na vidole, halafu trela yake nyuma inayofika kiwiko, na kila kitu ndani kiko: usukani, viti, kioo cha pembeni, hata kile kitambaa madereva hutundika kwenye dashibodi. Magurudumu nayachonga kwa soli za slipasi zilizokufa, ile ya kung'aa kama kromu naipata kwa mikebe ya soda, turubai natoa kwenye miavuli iliyovunjika (majirani wa Kiplombe wote wanajua, mwavuli ukikatika mbavu unapelekwa kwa Nafula). Baba yangu alikuwa utingo, na mimi nilikua nikipanda juu ya magunia, kwa hiyo wengine wakisuka vitambaa vya kochi mimi nasuka kamba za trela kwa uzi wa pazia. Kuna watu husema mama mzima anacheza na gari. Waache waseme, Protas mwenyewe alisema mwaka wa kwanza akachoka.

Sasa kazini nina rafiki, Chebet, anakaa kwenye meza ya risiti. Siku moja akaniambia baba yake, Mzee Kiprono, anaacha kuendesha. Mzee ameendesha trela tangu Chebet hajazaliwa, ni mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika, na wanamfanyia maombi ya shukrani nyumbani kwao Kapseret, pasta atakuwepo, wajomba watakuwepo, akina mama wa kanisa wote watakuwepo.

"Nafula," akaniambia, "si unitengenezee lori ya baba? Ile yenyewe. Nataka aione, alie."

Nikamwambia nitatengeneza na itakuwa zawadi yangu pia, asiniulize mambo mengine. Nilikuwa nimefurahi hivyo. Akanipa picha aliyokuwa nayo kwenye simu, mzee amesimama mbele ya lori na kofia, mguu wake umeziba namba, na nyuma ya lori haionekani hata kidogo. "Ni ya bluu," akasema, "ina mistari miwili nyeupe ubavuni. Huwa inapumzika pale Turbo."

Haya. Jumamosi hiyo nilikuwa naenda Turbo kumwona shangazi yangu aliyekuwa na mguu mbaya. Nashuka tu, naona nini? Lori ya bluu, mistari miwili nyeupe, trela nyuma, imeegeshwa kando ya barabara na dereva amelala chini ya trela juu ya gunia, kofia usoni. Nikasema Mungu ni mwema, hata sikuhitaji kutafuta. Nikapiga picha mbele, nikapiga ubavu, nikapiga nyuma, nikapiga hadi boliti za gurudumu. Nyuma kwenye mlango wa trela palikuwa pameandikwa kwa herufi nyeupe, mistari miwili, mmoja juu ya mwingine:

KAZI NI
MKE WANGU WA PILI

Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu mzee wa kanisa naye ana mdomo!

Hapo ndipo ningemtumia Chebet picha moja nimuulize, ni hii? Hiyo tu. Lakini bandali za simu zilikuwa zimeisha, na pia nilitaka iwe sapraizi hata kwake, na pia (niseme ukweli) mimi nikishaona kitu naamini macho yangu kuliko watu. Ningemwamsha yule dereva nimuulize jina la mwenye gari. Nikaona ni kumsumbua mtu aliyechoka. Nikaenda zangu kwa shangazi nikala viazi vitamu.

Wiki tatu nilifanya kazi ile. Niwaambie, sijawahi kutengeneza lori nzuri kama ile, na si kujisifu. Taa za mbele zilikuwa zinawaka. Mlango wa nyuma wa trela niliukata kwenye kasha la CD ya zamani ya kwaya yetu, plastiki nyembamba, safi, ikashika rangi ya bluu kama ngozi, halafu nikaandika yale maneno kwa brashi ya nywele tano, na namba ya gari nikaiweka vilevile kama ilivyokuwa kwenye picha. Protas alikuja akaangalia akiwa ameshika kikombe.

"Umeonyesha Chebet?"

"Ni sapraizi."

"Mm," akasema, akaenda. Protas akisema "mm" mtu mwenye akili huuliza ana maana gani. Mimi sikuuliza.

Siku yenyewe nikachukua boda, katoni nimeipakata mapajani kama mtoto mchanga, nikimwambia yule kijana wa boda polepole, polepole, hadi akaniuliza kama nimebeba mayai. Tukafika. Hema mbili, viti vya plastiki, moshi wa jikoni, akina mama wamevaa sare za kanisa, na kando ya zizi la ng'ombe, imeoshwa hadi inang'aa, imefungwa baluni kwenye vioo, palikuwa na lori.

Ya bluu. Mistari miwili nyeupe.

Kumbe walikuwa wameileta iombewe kabla mzee hajamkabidhi mwanawe wa kiume funguo. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na kwa nini waniambie? Nikazunguka nyuma nikitabasamu, nikitaka kulinganisha kazi yangu na yenyewe. Namba haikuwa ile. Na kwenye mlango wa trela, kwa herufi za manjano kubwa, za kupakwa na mtu aliyetulia na kupenda, palikuwa na maneno mawili tu:

MAMA CHEBET

Mzee alikuwa ameandika jina la mke wake. Miaka yote hiyo amekuwa akimbeba mke wake Malaba, Nairobi, Mombasa, kila mtu aliyekuwa nyuma yake barabarani analisoma. Na mimi kwenye katoni nimebeba mke wa pili.

Nikashika gurudumu. Hapo sasa mtu mzima angefanya nini? Angemwita Chebet kando aseme, dada, nimekosea lori. Na Chebet alikuja kabisa, anakimbia, amevaa gauni jipya, akanishika mkono.

"Umeleta? Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa," nikasema. Nilisikia mdomo wangu ukisema hivyo. "Nipe tu chumba nipanguse vumbi."

Akanipeleka chumba cha wadogo zake akafunga mlango. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kwenye mkoba huwa natembea na brashi na kikopo kidogo cha rangi nyeupe ya kurekebisha mikwaruzo. Nifute yale maneno, niandike MAMA CHEBET, namba nani ataangalia? Na juu ya meza ya wale wasichana, kati ya vichana na mafuta ya nywele, palikuwa na chupa ya ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nikasema, Bwana asifiwe.

Mimi, Nafula, ambaye nimetengeneza malori miaka tisa, najua ile dawa inafanya nini ikikutana na plastiki ya kasha la CD. Najua vizuri kabisa. Lakini hofu ikiingia kichwani, maarifa yanatokea kwa mlango wa nyuma.

Nikalowesha pamba nikaanza juu. KAZI ikatoka vizuri, NI ikafuata, nikafurahi hata nikaanza kuimba chinichini. Kabla sijashuka mstari wa pili, nikaona pamba imekataa kutoka. Nikavuta. Ikavuta na mlango. Plastiki ilikuwa imekuwa kama ubuyu uliotafunwa, inanata, nyuzi za pamba zimeshika rangi, na ile sehemu ya juu ikaanza kujipinda taratibu kama chapati inayotolewa motoni. Nikaacha mara moja. Nikapuliza. Nikapepea kwa kitabu cha nyimbo. Ilipokauka, sehemu ya juu ilikuwa ni madoa matupu na manyoya ya pamba, lakini mstari wa chini, jamani, mstari wa chini ulikuwa umebaki safi kabisa, mweupe, unasomeka hata kwa mtu aliye upande wa pili wa chumba.

MKE WANGU WA PILI.

Kabla sijajua nilie au nitoroke kwa dirisha (nililiangalia, lilikuwa na vyuma), mlango ukagongwa. "Nafula, pasta amesema tuanze na zawadi, mvua inakuja!"

Nikaifunika na leso nikatoka. Nilikuwa nimebaki na mpango mmoja tu, niiweke mezani nyuma ikiangalia turubai la hema, watu waone mbele, wapige makofi, halafu niseme inahitaji kurekebishwa kidogo nirudi nayo nyumbani. Na ilianza vizuri! Chebet akavuta leso, watu wakapiga ukelele wa furaha, taa nikawasha zikawaka, Mzee Kiprono akaweka mikono kichwani, mtu mrefu, mweusi, mtulivu, nikaona macho yake yamelowa. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nikasema tutapona.

Lakini dereva haangalii gari mbele tu. Mzee akainama akagonga tairi moja na kucha, akagonga lingine, akaangalia chini, akaangalia ndani, halafu akaishika kwa mikono miwili na kuigeuza nyuma. Akakunja uso kama mtu anayesoma barua ya serikali. Na mama yake Chebet, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na kilemba chake cheupe, akavaa miwani akasogea, na yule kijana mwenye maikrofoni (Mungu amsamehe) akamwekea mdomoni.

"Mama, tusomee, imeandikwa nini?"

Nadhani alikuwa amejitayarisha kusoma jina lake. Alikuwa tayari ameanza kutabasamu.

"Mke," akasoma, na spika zikarudia. "Wangu. Wa. Pili."

Sijui kama mmewahi kusikia watu mia moja wakiacha kutafuna. Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. Pasta akaangalia viatu vyake. Mama mmoja nyuma akasema "Woi!" kidogo sana.

"Hapana," Mzee Kiprono akasema. "Hapana, hapana. Hii si lori yangu. Hata namba si yangu!"

Alikuwa anajitetea, maskini, lakini aliharibu zaidi, maana kaka yake Mama Chebet, mjomba mmoja mwenye koti kubwa na fimbo, alisimama.

"Shemeji. Kwa hivyo kuna lori nyingine?"

"Hakuna lori nyingine!"

"Na namba imetoka wapi? Hiyo lori ya mke wa pili iko wapi?"

"Iko Turbo," nikasema.

Wallahi sikupanga kusema. Niliulizwa swali ambalo jibu nilikuwa nalo, likatoka, sauti ya juu, na nilikuwa nimesimama karibu na maikrofoni.

"TURBO!" hema nzima ikasema.

Mama Chebet akakaa chini. Hakulia, hakupiga kelele, alivua tu miwani akaanza kuipangusa kwa kitambaa, polepole, akimwangalia mume wake. Hapo ndipo kitu kilivunjika ndani yangu. Niliona kwamba nikiendelea kulinda uso wangu nitavunja nyumba ya watu. Nikamnyang'anya yule kijana maikrofoni.

"Ni mimi," nikasema. "Jameni, ni mimi. Naitwa Nafula, nafanya kazi na Chebet. Mzee hana makosa. Nilienda Turbo nikaona lori inafanana na yake, sikuuliza mtu, nikapiga picha, nikatengeneza ya mtu nisiyemjua. Ilikuwa imeandikwa kazi ni mke wangu wa pili. Kazi! Nimefika hapa nikaona nimekosea, nikajaribu kufuta kule chumbani, ikafutika ile kazi ikabaki mke. Naomba msamaha. Mama, naomba msamaha. Mzee, nisamehe." Na nikaanza kulia, kamasi na yote, kwenye spika.

Mama Chebet akainuka. Akaja hadi mezani, akaichukua ile lori, akaleta mlango wa trela karibu na pua.

"Hii ni dawa ya kucha ya wasichana wangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umeimaliza?"

"Imebaki kidogo, mama."

Bega lake likatikisika. Nikadhani analia. Halafu likatikisika la pili, na nikasikia sauti imeanza tumboni, akashika meza, akacheka, yule mama, akacheka hadi kilemba kikaenda upande. Na akina mama wa kanisa walipoona yeye anacheka wakaachilia, hema nzima ikaangua kicheko, mjomba mwenye fimbo akakaa akijipangusa macho na mkono wa koti, pasta amegeuka kuangalia ng'ombe lakini mabega yalikuwa yanamsaliti. Nilisikia mwili wangu wote ukirudi mahali pake, kidole kwa kidole, kama mtu aliyetolewa ndani ya maji.

Mzee akachukua maikrofoni walipotulia. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mimi nashukuru huyu msichana," akasema. "Nilitaka kusema kitu leo na sikujua nianzie wapi. Mama Chebet, nimelala kwa hiyo gari usiku mwingi kuliko nimelala kwako. Watoto walizaliwa nikiwa Mariakani. Mama yako alizikwa nikiwa mpakani, nimekwama. Jina lako niliandika, lakini mwenyewe nilikuwa nakuacha. Sasa nimekuja nyumbani. Ni hiyo tu."

Mama Chebet akanyoosha kilemba chake. "Tungekunywa chai kwanza," akasema, "mvua imefika." Lakini alikaa karibu naye, na kiti alikivuta mwenyewe.

Msidhani yote yaliisha kwa kicheko. Chebet hakusema nami hadi jioni. Alinipa sahani ya nyama bila kuniangalia, na nilipokuwa naondoka akanisindikiza hadi kwenye lango, tukasimama hapo na matone yanaanguka kutoka kwa miti ya uzio.

"Mama yangu alikuwa amekaa pale akidhani ameachwa," akasema.

"Najua."

"Nilikuja nikakuuliza, Nafula. Nikakushika mkono. Ungeniambia hapo tungecheka wawili."

Nikasema tu pole, na yeye akasema sawa, ile sawa ambayo bado haijawa sawa. Jumatatu kazini alikuja kwa meza yangu na vikombe viwili vya chai, akaweka kimoja mbele yangu, akasema mama yake ameuliza mlango mpya utakuwa tayari lini, na anataka herufi ziwe za manjano, kubwa, zisiwe na aibu. Nikamwambia kesho. Niliutengeneza usiku huohuo kwa bati la mkebe, si plastiki, na mzee mwenyewe akanitumia namba ya gari lake kwa ujumbe, mara tatu, kuhakikisha.

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi. Sitapaka hata tone la rangi kabla sijatuma picha kwa mwenyewe nimuulize, ni hii, una uhakika, geuza nione nyuma. Watu wengine wanachoka nami, wananiambia Nafula, ni toi tu, ya kuchezea. Wacha wachoke. Na nikikosea tena, kwa sababu nitakosea, mimi ni binadamu, nitasema papo hapo, makosa yakiwa bado mikononi mwangu mwenyewe.

Siku ile nilifika Kiplombe nimelowa, Protas akaniuliza imeendaje. Nilikaa nikamwambia yote, bila kupunguza hata neno, hata ile ya Turbo. Nilipomaliza nikagundua nina njaa, njaa ya kweli, ya mtu ambaye hakuna anayemtafuta. Nikala ugali wote uliokuwa umebaki, nikalala, sikugeuka hadi asubuhi.